Pesa za Chama Hazigeuki Sadaka

Mdogo wangu wa Kangemi, barua yako nimeisoma. Wewe ni mweka hazina wa chama cha akina mama, umechota 40,000 za wenzako kidogo kidogo, na juzi umeokoka kwenye maombi ya saa ya chakula cha mchana huko mjini. Ukalia, ukaombewa, na katika pesa zilizobaki ukatoa 10,000 uwe umepanda mbegu. Sasa wauliza: Mungu akishanisamehe, wale akina mama waambiwe ya nini?

Tuanze na hiyo mbegu, maana ndiyo iliyonikera. Ile elfu kumi ni ya mama mboga na ya dada anayefua nguo za watu Lavington. Umemtolea Mungu sadaka kutoka mkoba wa jirani. Hiyo nayo iandike kwenye deni.

Kuhusu msamaha, usitetemeke. Haki anayosimama nayo Mkristo mbele za Mungu hainunuliwi. Paulo aliwaeleza Warumi kwa kirefu kwamba hupokewa kwa imani. Yule mtoza ushuru wa Luka 18, aliyejipiga kifua hekaluni, alirudi kwake amehesabiwa haki, na hatusomi kwamba alikuwa amelipa hata senti. Kwa hiyo usirudishe pesa ukidhani unamlipa Mungu. Utamaliza deni uanze kuwatazama wenzako kwa dharau, kama Farisayo aliyesali siku ileile.

Ila fungua sura ya 19 umwone Zakayo wa Yeriko. Yesu alijialika kwake akiwa bado na mali za dhuluma. Ndipo mwenyewe akasimama akaahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Hakuna aliyemdai siku hiyo. Neema ilitangulia, na pesa zikafuata.

Na si mambo ya Yeriko tu. Hapo Kabete, karibu na kwako, mwaka 1937 walifika wahubiri wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda. Ndugu wa uamsho ule walijulikana kwa kurudisha: aliyeiba kwa mwajiri alibeba kitu akakirudisha, aliyekana deni akaenda kulikiri. Walikuwa pia na desturi ya kutubu mbele ya mkutano mzima, na wengine walimwaga hadi siri za watu. Hapo mimi siwafuati. Wewe usishike kipaza sauti. Dhambi hii ina wenyewe, nao ni wanachama wako.

Mtafute mwenyekiti kabla ya kikao. Nenda na daftari na hesabu kamili, usipunguze hata mia. Usianze na habari za shetani kukudanganya, sema, nilichukua. Taja kiasi utakacholipa kila mwezi, kile unachokiweza kweli, na ukitume moja kwa moja kwenye akaunti ya chama ili kionekane. Uweka hazina uuachie mwenyewe, usingoje kuvuliwa.

Wapo watakaokutukana, na pengine mmoja asikusalimie tena. Waache wakasirike, ni pesa zao. Kuokoka kwako hakuwalazimishi kukuamini mwezi huu.

Mume wako je? Kwenye barua hukumtaja. Kama hajui, mwambie leo usiku, kabla hajayasikia kwenye steji.