Uraia na Uenyeji: Msamiati wa Ugeni katika Kibaoni na Makazi ya Mpanda

1.0 Utangulizi

Suala la kuwapokea wahamiaji aghalabu hujadiliwa kwa istilahi za sheria: nani ana hati, nani hana, na nani anastahili kuipata. Makala haya yanalitazama suala hilo kwa upande wa lugha. Tunakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili unatenga dhana mbili ambazo sera huzichanganya mara kwa mara, yaani uraia na uenyeji. Uraia hutolewa na dola, kwa siku moja na kwa karatasi. Uenyeji hutolewa na majirani, kidogo kidogo, na hauna karatasi. Mtu anaweza kuwa na kimoja na kukikosa kingine, na hapo ndipo ugumu wa kujumuika unapoanza.

Mifano yetu inatoka katika eneo lililokuwa Wilaya ya Mpanda, ambalo tangu 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Eneo hilo linafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu limepokea wageni wa aina mbili. Kusini, katika Mpimbwe, ambako Kibaoni ni mojawapo ya kata, wamehamia wafugaji Wasukuma ambao ni raia wa Tanzania tangu kuzaliwa kwao. Kaskazini zaidi, Katumba na Mishamo, walipewa makazi wakimbizi kutoka Burundi. Tukiwalinganisha watu hawa tutaona kwamba mpaka wa nchi hautoshi kueleza nani ni mgeni.

2.0 Mgeni, mwenyeji na mzawa

Nomino mgeni imejengwa kwa mzizi wa kivumishi -geni, ambao hutaja jambo lisilozoeleka. Neno hilo moja humtaja anayeandaliwa chakula na kupishwa kitandani, na pia humtaja mtu wa nchi nyingine ambaye hajulikani ametoka wapi wala amefuata nini. Methali zinazihifadhi pande zote mbili. Tunaposema Mgeni njoo mwenyeji apone, ujio wa mgeni ni heri kwa nyumba nzima. Tunaposema Mgeni ni kuku mweupe, tunakiri kwamba hajifichi, na kwamba macho yote yanamwangalia.

Kinyume cha mgeni katika lugha si raia, bali ni mwenyeji. Neno hili linahusishwa na mwenye mji, na ni nomino ya uhusiano: mgeni ana mwenyeji wake, na hakuna mwenyeji pasipo mgeni. Lakini neno lina matumizi ya pili, ambayo ni muhimu zaidi kwa hoja yetu. Mtu aliyehamia mahali, akazijua njia, akajua watu na desturi zao, husema bila kosa lolote, "Sasa nimekuwa mwenyeji." Kwa hiyo uenyeji una daraja, na unaweza kupatikana. Mlango wake umeachwa wazi na lugha yenyewe.

Mzawa ni neno la namna nyingine. Limetokana na kuzaa, na haliwezi kupatikana kwa kukaa. Hakuna asemaye, "Sasa nimekuwa mzawa." Mjadala wa uzawa uliosikika sana Tanzania katika miaka ya 1990, kuhusu nani anufaike na ubinafsishaji wa uchumi, ulionyesha nguvu ya dhana hii: watu waliokuwa na uraia kamili waliweza bado kuwekwa nje ya duara.

Pamoja na maneno hayo kuna swali ambalo kila Mtanzania amewahi kuulizwa: "Kwenu ni wapi?" Swali hili si sawa na "Unakaa wapi?" La pili hujibiwa kwa anwani. La kwanza hujibiwa kwa kutaja mahali walipozikwa wazee, na hivyo linaweza kumrudisha mtu alikoondoka babu yake. Kwa maoni yetu, kipimo cha kweli cha kujumuika ni jibu la swali hili, na zaidi ya hapo ni kama muulizaji ataliridhia.

3.0 Kibaoni: raia aliye mgeni

Jina Kibaoni limeundwa kwa kibao na kiambishi cha mahali -ni, na majina ya namna hiyo ni mengi katika barabara za Tanzania. Wenyeji wa Mpimbwe ni Wapimbwe, ambao lugha yao Guthrie aliiweka katika kundi la M, pamoja na Kifipa na Kirungwa. Kwa desturi Wapimbwe ni wakulima. Ufugaji wa ng'ombe haukustawi kwao kwa sababu ya mbung'o. Kaskazini mwao iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa 1974. Kwa hiyo ardhi ya kulima na kulishia ina mwisho, jambo ambalo msomaji hana budi kulikumbuka.

Tangu miaka ya 1970 Wasukuma waliingia Mpimbwe kwa wingi, wakisukumwa na uhaba wa ardhi na malisho katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Walikuja na ng'ombe, na plau, na pia desturi ya kujenga miji iliyotawanyika, mbali na kijiji. Desturi hiyo ilipingana na mpango wa makazi ya pamoja ambao Operesheni Vijiji ilikuwa imeusimika hadi 1976. Baadaye ilifuata sungusungu, jumuiya ya ulinzi iliyozuka katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na pamoja nayo namna tofauti ya kuamua nani ni mwizi na nani aadhibiwe.

Kisheria hakuna mgeni hapa. Msukuma na Mpimbwe wana haki sawa ya kukaa popote nchini. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku Wasukuma huweza kuitwa wageni hata baada ya kizazi kizima, nao wenyewe huweza kusema "kwetu" wakikusudia Shinyanga. Lugha ya utawala nayo imeongeza jozi yake, wakulima na wafugaji, na kila mgogoro wa ng'ombe kuingia shambani huripotiwa kwa jozi hiyo. Jozi hii inaficha jambo moja. Wasukuma hulima mpunga, mahindi na pamba, tena kwa eneo kubwa. Ugomvi wa ardhi kati ya wakulima wawili hugeuzwa kuwa ugomvi wa tabia kati ya makabila mawili, na tabia, tofauti na mpaka wa shamba, haipimwi kwa kamba.

Mfano wa Kibaoni unatufundisha kwamba uraia hauondoi ugeni. Kinachokosekana si hati, bali ni makubaliano kuhusu ardhi na kuhusu mamlaka ya kijiji.

4.0 Katumba na Mishamo: mkimbizi asiyekimbia

Mauaji ya Burundi ya 1972 yaliwaleta Tanzania makumi ya maelfu ya watu. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa makazi ya kudumu badala ya kambi za muda: Ulyankulu mkoani Tabora, 1972, Katumba, 1973, na Mishamo, 1978, kwa sehemu kubwa ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu. Walipewa ardhi, wakafyeka miombo, wakajitosheleza kwa chakula na kuuza ziada. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili.

Methali inasema Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe lilitolewa, tena likatumika vizuri. Lakini tukiichunguza methali hiyo tunaona kwamba inamtoa mgeni katika hali ya kulishwa na kumwingiza katika kazi. Haisemi shamba ni la nani. Katumba na Mishamo zilibaki katika hali hiyo ya siku ya tatu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Neno lililowashikilia ni mkimbizi. Kimofolojia ni nomino ya mtenda iliyotokana na kukimbia, kama mnunuzi kutokana na kununua na mtetezi kutokana na kutetea. Sauti z ni alama ya l ya zamani iliyodondoka katika kitenzi. Nomino ya mtenda hutaja mtu kwa tendo lake. Sasa, mtoto aliyezaliwa Mishamo 1985 alikimbia nini? Hakukimbia chochote, ila alilirithi tendo la wazazi wake kama wengine wanavyorithi ukoo. Hivyo nomino ya tendo iligeuka kuwa nomino ya kabila bila umbo lake kubadilika.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, katika kitabu chake cha 1995, aliwalinganisha Warundi wa Mishamo na wale walioishi katika mji wa Kigoma. Wa Mishamo walijitambua kama taifa lililo uhamishoni na waliuthamini ukimbizi wao. Wa mjini walijichanganya, wakaoa na kuolewa, na wakaepa jina hilo. Tofauti ilitokana na mahali walipowekwa: makazi yaliyotengwa huhifadhi ugeni, ilhali mtaa wenye watu mchanganyiko huuyeyusha.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilikubaliana juu ya ufumbuzi wa kudumu kwa watu wapatao 218,000 wa makazi hayo matatu. Takriban asilimia 80 walichagua uraia wa Tanzania. Waliobaki walichagua kurudi. Maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa kufikia 2010, wakati Waziri Mkuu alikuwa Mizengo Pinda, ambaye kwao ni Kibaoni. Lakini sharti liliwekwa kwamba wahame na kutawanywa katika mikoa mingine ndipo wapewe vyeti. Waliukana uraia wa Burundi, ukimbizi wao ukakoma, na vyeti hawakupata. Mpango wa kuwahamisha ulisimama, na ni Oktoba 2014 tu ndipo utoaji wa vyeti ulipoanza, bila sharti la kuhama.

Sharti lile linafafanuliwa vizuri na jozi yetu ya dhana. Walioliweka waliamini kwamba kutawanywa kutaleta kujumuika. Hawakuona kwamba watu hawa walikuwa tayari na uenyeji: walizijua njia, mito na majirani, na makaburi ya wazee wao yalikuwa Katumba. Kuwapa uraia kwa gharama ya uenyeji kulikuwa kuwafanya wageni upya, safari hii ndani ya nchi yao. Siku hizi huitwa raia wapya. Jina hilo ni la heshima kuliko mkimbizi, lakini kivumishi -pya kina hatari yake. Raia wa kawaida hana kivumishi.

5.0 Lugha kama daraja na kama kipimo

Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Je, lugha inatosha kuleta uenyeji? Mifano miwili inajibu kwa namna mbili. Wazigua ambao wazee wao walipelekwa Somalia katika karne ya 19 walirudi mkoani Tanga kama wakimbizi katika miaka ya 1990. Kizigua walichokihifadhi kiliwafanya wapokewe kama ndugu, na wengi wa waliowekwa Chogo, Handeni, walipata uraia. Kwao lugha ilikuwa daraja.

Katika Mkoa wa Kigoma mambo yamekuwa kinyume. Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi cha kueleweka, na Muha aliye raia kwa vizazi vyote anaweza kutakiwa athibitishe kuwa si Mrundi. Wakati wa operesheni ya 2013 dhidi ya waliotajwa kuwa wahamiaji haramu, iliyohusu Kagera, Kigoma na Geita, ukaribu huo wa lugha ulikuwa mzigo. Neno haramu lenyewe limetoka katika msamiati wa dini, na linapoambatana na mhamiaji humwekea najisi mtu mahali ambapo sheria ingetaja kosa la kibali tu.

6.0 Hitimisho

Tumeona raia aliye mgeni katika Kibaoni, na mwenyeji aliyekosa uraia katika Katumba na Mishamo. Kutokana na hali hizi mbili tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, sera za kuwajumuisha wahamiaji zianze na uenyeji ambao tayari upo, badala ya kuuvunja. Pili, waandishi wa habari na maofisa waachane na majina yanayorithisha tendo la mzazi kwa mtoto. Tatu, wanafunzi wa isimujamii wakusanye, katika Mpimbwe na katika makazi ya zamani, majibu halisi ya swali "Kwenu ni wapi?" kwa kizazi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Siku mjukuu wa mkimbizi wa 1972 atakapojibu "Kwetu Katumba", na aliyeuliza asimwongezee swali la pili, tutajua kwamba cheti cha 2014 kimekamilika.