Mteja wa Kwanza wa Programu Yako Yuko Igoma

Kijana wa Mwanza akimaliza kozi ya kompyuta hutafuta ajira kwanza, akikosa hutafuta mtaji, na mteja humkumbuka mwisho kabisa. Mwongozo huu unaanza na mteja. Unamfaa anayejua kuandika programu kiasi, mwenye kompyuta mpakato hata ya mtumba.

Hatua ya 1: Kaa na biashara moja

Usianze na "mfumo wa biashara zote". Chagua duka moja la jumla mtaa wa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, ambako wauza rejareja wa Kisesa na Magu hufunga mzigo. Mwombe mwenye duka ukae naye siku chache. Kompyuta iache nyumbani. Ukiifungua pale kaunta, watu watakudhani umetumwa na TRA na hutaambiwa la kweli.

Omba kuonyeshwa daftari la madeni. Juu ya ukurasa utakuta jina, tuseme "Mama Neema Kisesa", chini yake sukari mfuko 1, mafuta dumu 2, na jumla ya fedha. Akilipa nusu, pembeni huandikwa "kalipa" kwa kalamu nyekundu, na baki hushushwa mstari unaofuata. Tarehe ya kumaliza deni haimo. Ukiuliza utajibiwa "akija kufunga mzigo" au "pamba ikinunuliwa".

Hapo ndipo programu nyingi hufia. Aliyezoea mifano ya darasani huweka kisanduku cha tarehe ya mwisho na kukifanya cha lazima. Muuzaji ana foleni mbele yake, kwa hiyo atajaza tarehe yoyote ili mashine imruhusu kuendelea, na baada ya mwezi ripoti ya madeni haina ukweli wowote. Weka nafasi ya maneno ya kawaida, kisha orodha ya wadaiwa ipange kwa siku waliyofika dukani mara ya mwisho. Mwenye duka ndivyo anavyowakumbuka.

Hatua ya 2: Tumia Excel kabla ya kuandika programu

Wengi huona aibu hapa, na mimi naona aibu hiyo haina msingi. Mtengenezee jedwali, liache litumike wiki kadhaa sambamba na daftari. Kama anayekaa kaunta halijazi, hata programu yako hataijaza. Likijazwa, sasa andika programu, na iweze kufanya kazi bila intaneti. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, kilichokwisha kuingizwa kisipotee. Nakala ya kila jioni iingie kwenye flashi inayobaki kwa mwenye duka.

Hatua ya 3: Bei na karatasi

Usihesabu saa ulizokesha, hazimhusu. Muulize kwa mwezi hupoteza kiasi gani kwa madeni yaliyosahauliwa na mzigo usioonekana. Akikwambia 60,000, basi 250,000 ni bei mnayoweza kuizungumza, kwa sababu hasara ya miezi mitano tayari inaizidi. Pokea nusu kabla ya kuanza, nyingine siku ya kukabidhi, na matengenezo yawe na malipo yake ya kila mwezi.

Andikeni ukurasa mmoja: kitakachofanyika, kisichomo, siku ya kukabidhi, na nani ataingiza madeni ya zamani. Hilo la mwisho lisipoandikwa, utajikuta unachapa madaftari ya miaka mitatu bure. Akianza kukuita "mwanangu" bei inapotajwa, mwitikie kwa heshima zote, lakini karatasi isainiwe. Malipo yapite kwenye lipa namba ya biashara, usiyachanganye na hela ya nyumbani.

Hatua ya 4: Tunza siri

Majina na namba za simu za wadaiwa ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika. Usibaki na nakala kwenye kompyuta yako bila ruhusa. Ukitaka kumwonyesha mteja mwingine kazi yako, jaza majina ya kubuni. Igoma watu wanajuana. Deni la mtu likionekana duka la pili, kazi yako mtaani imekwisha.

Hatua ya 5: Jirasimishe

Ukiwa na namba ya NIDA, TIN hutolewa na TRA bila malipo, hivyo usiicheleweshe. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao, na kuhusu leseni anzia ofisi ya biashara ya Jiji. Shule au zahanati haitakulipa bila risiti. Tume ya TEHAMA nayo husajili wataalamu wa fani hii. Jisajili ukianza kulenga kazi za taasisi. Nembo na kadi za biashara zinaweza kusubiri.

Hatua ya 6: Rudi dukani

Wiki moja baada ya kukabidhi, nenda usimame pembeni bila kuelekeza. Angalia kidole cha muuzaji kinasita wapi, na lini anaiacha programu na kuvuta daftari. Rekebisha hayo tu. Mambo yakitulia, usimwombe mwenye duka akusifie kwa watu. Mwombe akupeleke mwenyewe kwa mfanyabiashara mmoja anayemwamini, akutambulishe, kisha hatua ya 1 ianze upya huko.