Diski ya Kompyuta: Joto Lake na Chanzo cha Kutowaka

Kompyuta ya ofisi ya shule inapokataa kuwaka asubuhi ya mwezi wa Februari, huku chumba kikifukuta, wengi huamua papo hapo kwamba diski imeungua. Uamuzi huo mara nyingi si sahihi, na waweza kuleta hasara kubwa, kwa kuwa ndani ya diski hiyo huenda mna alama za wanafunzi za miaka kadhaa zisizo na nakala mahali pengine. Yafaa basi kwanza ieleweke diski huvumilia joto kiasi gani.

Diski ngumu ni sahani moja au zaidi za alumini au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Katika kompyuta nyingi za mezani sahani hizo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kama kipenyo cha sahani ni milimita 95, ukingo wake husafiri yapata mita 36 kwa sekunde, au karibu kilometa 129 kwa saa. Mwanafunzi aweza kuihakiki hesabu hiyo kwa kanuni ya mzingo wa duara. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea, ambacho hakiigusi. Huchukuliwa na hewa inayoburutwa na sahani yenyewe, kwa mwanya wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi elfu ya nanomita. Kwa kuwa hewa ndiyo inayokibeba kichwa, diski za kawaida hazikuundwa kufanya kazi juu sana ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Atakayepanda Kilimanjaro na kompyuta ya namna hiyo na aizime mapema.

Watengenezaji wengi huruhusu diski kufanya kazi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Sentigredi. Kipimo hicho ni cha diski yenyewe, wala si cha chumba. Chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 chaweza kuifikisha diski kwenye nyuzi 45 bila hatari yoyote, mradi feni inafanya kazi na matundu ya hewa hayakuzibwa na vumbi. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walitangaza matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Ajabu ni kwamba katika viwango vya kawaida joto halikuonekana kuongeza uharibifu. Hata diski zilizokuwa baridi zaidi ziliharibika kwa wingi kuliko zile za joto la wastani. Madhara ya joto kali yalijitokeza hasa katika diski zilizokwisha kutumika miaka mitatu au zaidi.

Katika pwani adui wa kuogopwa zaidi ni umande. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 26 au chini yake. Diski iliyolala katika chumba cha kiyoyozi kwa nyuzi 20, ikitolewa nje, hulowa kama chupa ya soda itokayo kwenye jokofu. Iachwe saa kadhaa ndipo iwashwe. Ndiyo maana ule ushauri wa mitaani wa kuitia diski mbovu kwenye jokofu ili ifufuke haufai kabisa.

Ikiwa kompyuta haiwaki, fundi mwema hutumia masikio kabla ya bisibisi. Ukimya mtupu humwelekeza kwenye umeme: soketi, waya, au kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Diski ya mezani huhitaji yapata ampea 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka, yaani wati 24, lakini ikishashika kasi hutosheka na wati chini ya 10. Ni kama mkokoteni uliojaa mizigo, ambao msukumo wa kwanza ndio mgumu. Kisanduku kilichochoka chaweza kuidumisha diski kikashindwa kuianzisha.

Pengine diski huzunguka vizuri, lakini kioo kikaandika kwamba hakuna mfumo wa kuendeshea mashine. Hapo huenda tatizo ni flashi iliyosahauliwa kwenye tundu lake. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya volti 3 iliyo ndani imekwisha, na mashine imesahau ianzie kwenye diski ipi. Kasoro hizi hutengenezwa kwa gharama ndogo sana. Kupakia mfumo upya kusifanywe kabla ya kunakili kumbukumbu, kwa sababu mfumo mpya waweza kuandikwa juu yake.

Mlio wa kugonga unaojirudia, *ta, ta, ta*, ni jambo jingine. Kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani na hakizipati, na kila mzunguko waweza kuukwangua utando wenye kumbukumbu. Mashine izimwe mara moja, isijaribiwe tena na tena. Diski isifunguliwe katika chumba cha kawaida, maana chembe ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko mwanya wa kichwa. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi. Wasipopatikana karibu, diski ihifadhiwe mahali pakavu ikiwa imezimwa, mpaka watakapopatikana.