Ajisemee Mwenyewe

Mwenzetu akianguka na bodaboda akaumia kichwa, kidonda chaweza kupona upesi lakini ubongo ukachelewa. Huenda akasahau sana, akachoka haraka, kelele za darasani zikamsumbua. Nasi twamwita mvivu! Afanye nini basi?

Kwanza, aijue shida yake.

Pili, aiseme kwa ufupi: "Samahani mwalimu, niliumia kichwa. Nikisikia tu nasahau."

Tatu, ataje msaada: "Naomba uniandikie ubaoni."

Haombi huruma. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa haki ya kuheshimiwa na kupata elimu.

Sisi marafiki tumfanyishe mazoezi ya maneno hayo bwenini, ila tusimsemee. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.