Mhariri amefuta kurasa zangu mbili: niiondoe hadithi?

*Shikamoo Mama. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Tunduma, na usiku huandika. Nilituma hadithi kwa jarida moja la fasihi: utingo amekwama kwenye foleni ya malori akisubiri kuvuka kwenda Nakonde. Baada ya kimya kirefu mhariri amejibu. Anaitaka, lakini amefuta kurasa mbili za mwanzo nilizoeleza historia ya mpaka. Kila nilipoandika "semi" ameweka "gari la mizigo", na "gari la IT" ameliwekea alama ya kuuliza. Mwisho nao anataka uandikwe upya. Rafiki zangu wanasema nimedharauliwa, na kwamba hadithi ikishaguswa na mwingine si yangu tena. Niiondoe?*

*Mwandishi wa Mpakani, Tunduma*

Marahaba, mwanangu. Usiiondoe. Hadithi isiyotakiwa hairudi na alama. Hurudi na mistari miwili ya shukrani, au hairudi kabisa. Mwenye rundo la miswada mezani hamalizi jioni yake akifuta na kuulizia kazi anayokusudia kuitupa.

Mhariri si mtahini wa kutoa maksi. Anapanga toleo, kurasa zake zina idadi, na pengine amekwisha kupata hadithi tatu za mapenzi ya chuoni. Ndiyo maana hadithi iliyonyooka huweza kukataliwa, na yenye kasoro ikapita kwa kuwa imeleta jambo ambalo hakuna mwingine aliyelileta. Wewe umeleta foleni ya Tunduma kwa macho ya anayelala chini ya lori.

Kila jarida pia lina kipimo chake. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, lilichapa mashairi ya vina na mizani, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliosomwa humo. Miaka 80 baadaye, Nairobi, Binyavanga Wainaina na wenzake walitoa toleo la kwanza la Kwani? na kuiachia Sheng ya mitaani iingie kurasani. Hadithi ya Yvonne Owuor iliyotoka katika jarida hilo ilishinda Tuzo ya Caine mwaka huohuo wa 2003. Kazi ambayo mhariri mmoja angeipokea kwa mikono miwili, mwingine angeirudisha, na wote wangekuwa sahihi. Kwa hiyo, kabla ya kujibu, tafuta matoleo ya nyuma ya jarida lako uone linapenda nini.

Kisha zigawe alama zake mafungu matatu.

Kurasa za mwanzo, mwachie. Msomaji amemjia utingo, na wewe unamweka mlangoni ukimsimulia jinsi mkoa wa Songwe ulivyomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Likibaki jambo moja la historia ambalo kisa hakisimami bila hilo, mpe dereva aliseme akiwa anagombea nafasi kwenye foleni.

Kwenye maneno, shikilia. Hakuna utingo barabara nzima ya Dar hadi Tunduma anayeita semi "gari la mizigo". Ukikubali badiliko hilo, huyo anayezungumza si mtu wako tena. Mweleze mhariri hivyo kwa upole, naye huenda akakubali, maana ni sauti hiyo iliyomfanya aichague hadithi. Ila alama ya kuuliza ni ya haki: msomaji wa Pemba hajui gari la IT ni nini. Usimwekee maelezo kwenye mabano. Mwonyeshe gari lililoshushwa bandarini Dar likielekea Zambia, dereva wake akiokota abiria njiani huku akichungulia kama kuna trafiki. Ataelewa.

Kuhusu mwisho, uliza. Mhariri mara nyingi huona mahali palipolegea, lakini dawa anayopendekeza si lazima iwe ndiyo. Muulize alipofika mwisho alikosa nini, kisha uandike wewe. Huko Marekani, mhariri Gordon Lish alipunguza hadithi za Raymond Carver kwa karibu nusu na kubadili miisho kadhaa. Carver alimwandikia mwaka 1980 akimsihi asimamishe uchapaji, lakini kitabu kikatoka 1981 na kumpa sifa kubwa. Hadithi zile kama alivyoziandika mwenyewe zilichapwa 2009, miaka mingi baada ya kifo chake, na wasomaji wangali wanabishana zipi bora. Mhariri mkali anaweza kukuinua na kukufunika kwa wakati mmoja, kwa hiyo yaseme yako mapema.

Ukizidiwa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakupa haki ya kupinga mabadiliko yanayoiharibu kazi yako na kukuvunjia heshima. Lakini usianze na sheria. Anza na asante, taja unayoyakubali, taja machache unayoyakataa na sababu zake, kisha omba uone nakala ya mwisho kabla haijaenda kuchapwa. Mjibu wiki hii: toleo lina tarehe yake, na kurasa utakazoziacha wazi atapewa mwingine.