Dondoo muhimu: Kununua gari la familia lililotumika

• Fikiria spea kwanza. Toyota Wish, Sienta na Noah nyingi zina safu tatu za viti, na spea zake hupatikana hadi mikoani.

• Likague asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Likiwashwa likatoa moshi wa bluu, injini inakula oili.

• Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

• Linganisha namba ya chasisi na kadi ya gari. Usimalizie malipo kabla umiliki haujahamishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

• Bakiza akiba. Bima, matairi na sevisi ya kwanza vinakusubiri.