Kuwatambua Ndege wa Ufuoni kwa Kula Kwao

Maji yakupwapo katika hori ya Mida, karibu na Watamu, ndege wengi hushuka matopeni. Mtu awatazamaye kutoka penye mikoko hudhani kwamba wote ni wa namna moja, maana wakati wa kaskazi wengi wao huvaa manyoya ya kijivu tu. Basi ni afadhali kuacha manyoya na kutazama jinsi wanavyokula.

Wako wenye mdomo mfupi na macho makubwa. Hawa hukimbia hatua chache, husimama kimya, hudonoa mara moja, kisha hukimbia tena. Hutafuta kwa macho. Vitwitwi wenye mdomo mrefu mwembamba hawasimami hivyo. Huenda wameinama, wakichoma tope upesi upesi kama sindano ya cherehani, kwa kuwa ncha ya mdomo wao huhisi mnyoo uliofichika.

Sululu ni mkubwa, na mdomo wake umepinda kuelekea chini. Huutia ndani ya shimo la kaa, akamvuta nje. Yuko na mdogo ambaye mdomo wake umepinda juu kidogo: huyu hufukuza kaa huku na huku kama mlevi, na pengine hupeleka windo lake majini kuliosha kabla ya kulimeza. Apinduaye mawe na mwani hata mtoto hamkosei.

Astahiliye kutazamwa zaidi ni yule mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene. Chakula chake hasa ni kaa. Hatagi Mida, huchimba shimo mchangani katika pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, akataga yai moja tu.

Saa za maji kupwa ni chache. Baadhi ya vitwitwi hutoka Siberia, na kabla ya kurudi huko, yapata mwezi wa Aprili, hawana budi kunenepa, maana mafuta ya mwilini ndiyo masurufu ya safari. Kundi likirushwa na mbwa, au na wachimba chambo wapitao katikati yake, hupoteza wakati wa kula ambao haurudi mpaka maji yakupwe tena. Atakaye kuwaona vema na aketi kimya kando ya mikoko kabla maji hayajaanza kujaa; yapandapo, ndege husogea karibu wenyewe.